Uzi: Zana za kuandikia mwongozo wa programu yetu ya maji kupwa na kujaa. Tuamue kabla ya bamvua lijalo

#1 Mwanamaji wa Paje (mleta uzi)

Assalamu aleikum wana jukwaa. Nivumilieni, uzi ni mrefu, lakini jambo hili nimelibeba kifuani tangu Kaskazi iliyopita na sasa nataka tulimalize.

Kwa wageni: tuna programu huria ya kukokotoa maji kupwa na kujaa. Imeandikwa kwa Python, lugha ya kuandikia programu. Inafuata mvuto wa mwezi na jua, na hesabu zake tunazilinganisha na vipimo vya kituo cha usawa wa bahari pale bandarini Unguja, ambacho takwimu zake zipo tangu 1984. Mwisho wa yote inatoa jedwali la siku 30, karatasi moja ya A4, mtu analibandika ukutani. Wanaolitumia khasa ni wakulima wa mwani wa huku mashariki, Paje, Bwejuu na Jambiani, na siku hizi linafika mpaka Micheweni kwa ndugu zetu wa Pemba. Wenye kuiandika hatufiki 6, na hakuna anayelipwa hata senti.

Sasa kisa chenyewe. Siku ya mwezi mwandamo, maji ya bamvua (yale yanayojaa sana na kupwa sana), jedwali la ukutani liliandikwa: "Kupwa: saa 10:20". Kompyuta ilikusudia saa nne na dakika 20 asubuhi. Binti mmoja aliyeanza kilimo cha mwani mwaka huohuo akasoma kilichoandikwa, saa kumi na dakika 20. Akamaliza kazi za nyumbani, akasali alasiri, akateremka pwani na kamba zake begani. Bahari ilikuwa imejaa mpaka mizizi ya minazi. Wenzake walishavuna, wameshaanika, na yeye amesimama pale na vigingi mkononi anaangalia maji.

Tazameni ubaya wa kosa hili. Saa yetu na saa ya kompyuta zinapishana saa 6 kamili. Na kutoka kupwa hadi kujaa ni saa 6 na kama dakika 12. Kwa hiyo anayekosea kuisoma saa hapitwi na nusu saa wala saa moja. Anageuziwa bahari nzima: tulichomwambia ni kupwa, kwake kinakuwa kujaa. Wazee hawakudhurika, wao wanautazama mwezi. Karatasi tumeiweka kwa ajili ya asiyejua, na asiyejua ndiye tuliyempoteza.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba programu ilikuwa na uwezo wa kutoa saa za Kiswahili tangu mwaka mmoja nyuma. Ni neno moja tu unaliongeza kwenye amri. Lakini mwongozo haukulitaja popote. Lilielezwa kwa sentensi moja ndani ya msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe, tena kwa Kiingereza, mahali ambapo kijana anayechapisha karatasi hana sababu ya kufika.

Kijana huyo aliposikia akasema: kaka, niachie mimi, nitaiandika hiyo sentensi kwenye mwongozo. Hapa ndipo zana inapoingia. Mwongozo wetu tulikuwa tumeujenga kwa zana ya JavaScript tuliyoipenda kwa sura yake. Ili aione kurasa yake kabla ya kuituma, ilibidi asakinishe kwanza vifurushi vyake vyote, folda ya mamia ya megabaiti. Yeye ana laptopu ya mkono wa pili na bando la GB 1 la wiki. Siku ya kwanza mtandao ukakatika katikati. Siku ya pili akaanza upya. Siku ya tatu akaniandikia: "Bando limekwisha, na bado inasema kuna kitu hakijafika." Nikamwambia basi nitaandika mwenyewe, kisha nikazama kwenye kazi nyengine. Sentensi moja ikakaa miezi 3. Lawama ni yetu tuliochagua, sio ya zana.

Tangu hapo nina kipimo kimoja ambacho nataka kiwe mbele ya vyote: yule mtu wa mwisho, asiyekuwa mtaalamu, anayelijua kosa kwa sababu limemgusa, ataweza kuirekebisha sentensi leo hiihii? Zana ikimzuia huyo, mengine yote hayana faida.

Nilivyoona mimi, na nataka mnikosoe:

Mwongozo uandikwe kwa Markdown. Ni maandishi matupu, alama ya reli kwa kichwa cha habari, nyota mbili kila upande kwa neno zito, basi. Anayejua kuandika ujumbe wa WhatsApp anajifunza kwa robo saa. Zana ya kujengea iwe MkDocs, kwa sababu ni ya Python kama programu yenyewe, mipangilio yake ni faili moja tu, na mtu akitaka kujaribu kwake hapakui mzigo mkubwa. Lugha ya asili ya mwongozo iwe Kiingereza ili na wa nje watusaidie, kisha Kiswahili kitafsiriwe kwa Weblate, ambapo mfasiri anafanya kazi ndani ya kivinjari bila kusakinisha chochote.

Tovuti ya wiki, ya namna ya Wikipedia, nimeiacha, kwa sababu mwongozo ukikaa mbali na msimbo unachakaa peke yake. Hugo, zana nyengine ya kujengea tovuti, nayo ina kasi sana lakini sisi kurasa zetu hazifiki 40, kasi hiyo tutaipeleka wapi.

Karibuni.

#2 Fundi wa Fumba

Kaka pole kwa yaliyotokea, na huyo binti mpe salamu zetu.

Lakini hapa nakukatalia kidogo. Usizihukumu zana zote za JavaScript. Docusaurus kwa mfano, ambayo ilitoka kwa watu wa Facebook mwaka 2017, inashughulikia matoleo tofauti ya mwongozo vizuri sana na ina mpangilio wa lugha nyingi ndani yake. Kwa mradi wenye wahandisi wengi wa wavuti ningeichagua bila kusita.

Tatizo lako mimi naliona kwengine. Kwa nini kijana alitakiwa ajenge tovuti nzima kwenye laptopu yake ili aongeze sentensi moja? Tovuti za kuhifadhia miradi, GitHub, GitLab na Codeberg, zote zina kitufe cha kuhariri faili ndani ya kivinjari. Anabonyeza, anaandika, anatuma ombi la kuunganisha, na seva inajenga ukurasa wa majaribio ambao nyote mnauona kabla hamjaukubali. Simu inatosha. Mkilipanga hilo, hata zana iwe nzito namna gani, uzito unabebwa na seva, haubebwi na bando la mtu.

Na andikeni ukurasa mfupi wa namna ya kuchangia, wenye picha za hatua hizo nne. Miradi mingi ina faili la CONTRIBUTING lakini limeandikwa kwa mtu anayejua tayari Git, programu ya kutunza historia ya mafaili. Asiyejua anafungua, anakutana na amri 15, anafunga.

#3 Mwanamaji wa Paje

Fundi, hili la seva nimelipokea kwa mikono miwili. Nilikuwa nalifikiria kama jambo la wanaoandika msimbo tu. Hata hivyo zana nyepesi bado naitaka, kwa sababu sisi wenyewe tukichoka au tukihamia kwenye mambo mengine, atakayerithi asikute mlima.

#4 Msafiri wa Chake

Aleikum salaam. Mimi niko Chake, na ndiye ninayewapelekea watu wa Micheweni na Konde programu hii kwa flashi. Nazungumza kwa niaba ya wasio na mtandao, maana naona mnaongea kama kwamba kila mtu yuko hewani saa zote.

Wiki hii nimefanya jaribio. Nimechukua kurasa 12 za mwongozo wetu, nikazijenga kwa MkDocs, na mara ya pili kwa Sphinx, zana nyengine ya Python ya kujengea mwongozo. Zote mbili nikazitia kwenye flashi moja, nikaenda nazo kwenye kompyuta ya skuli ambayo haina intaneti kabisa. Matokeo ni haya.

MkDocs, kama inavyokuja: nafungua ukurasa wa mwanzo, mzuri, safi. Nabonyeza "Kuchapisha jedwali", kivinjari kinanionesha orodha ya mafaili badala ya ukurasa. Sababu ni kwamba viungo vyake vimeundwa kuelekea kwenye folda, na bila seva hakuna wa kukuambia ndani ya folda ufungue nini. Kuna mpangilio mmoja, use_directory_urls, ukiuzima viungo vinafanya kazi. Nikauzima. Viungo vikapona, lakini kisanduku cha kutafuta kikabaki kimya. Kile kinahitaji seva.

Sphinx: viungo vinafanya kazi, na kutafuta kunafanya kazi papo hapo kutoka kwenye flashi, kwa sababu faharasa yake inabebwa ndani ya faili la kawaida linalofunguka pamoja na ukurasa.

Halafu kuna hili la kutafuta kwa Kiswahili, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Zana hizi zote mbili hazina kanuni za Kiswahili. Zinadhani neno linabadilika mwishoni, kama Kiingereza. Letu linabadilika mwanzoni: kuchapisha, unachapisha, ukichapisha, lililochapishwa. Mtu akiandika "chapisha" kwenye MkDocs na ukurasa wangu una "kuchapisha" tu, anaambiwa hakuna kitu. Jibu liko mbele yake na mashine inamwambia halipo. Sphinx nayo huanza na neno zima, lakini likikosekana inatafuta hata kipande ndani ya maneno mengine. Nikaandika shina tu, "chapish", zikaja kurasa zote 5. Si dawa kamili, lakini tofauti ni kubwa kwa anayetafuta msaada akiwa peke yake.

La tatu, Sphinx inatoa pia EPUB. Kitabu kizima cha mwongozo wetu ni faili dogo, linapita WhatsApp au Bluetooth, na simu inalisoma bila mtandao. PDF inatoka vilevile ila inahitaji LaTeX, programu ya kupangia vitabu, na LaTeX ni mzigo wa magigabaiti, hiyo ifanywe na seva kama alivyosema Fundi.

Najua mtu atasema Sphinx ni ngumu kwa sababu ya reStructuredText yake. Ni kweli ile lugha ina vijialama vinavyochosha, nafasi moja ikikosewa orodha nzima inaharibika. Lakini Sphinx inasoma Markdown pia, kwa kiongezi kinachoitwa MyST. Jaribio langu lote nimelifanya kwa mafaili yaleyale ya Markdown, sikubadilisha hata moja.

#5 Fundi wa Fumba

Msafiri, hilo la kutafuta sikulijua, na mimi miaka yote najenga tovuti. Ahsante sana. Naondoa hoja yangu ya Docusaurus kwa mradi huu.

#6 Bi Mwalimu, Wete

Assalamu aleikum wanangu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, kompyuta naitumia tu. Mjukuu wangu ndiye aliyenionesha uzi huu, nikaona nisinyamaze.

Mwanamaji ameeleza kwa uchungu habari ya binti wa Paje, halafu mwisho akasema lugha ya asili ya mwongozo iwe Kiingereza na Kiswahili kitafsiriwe. Mwanangu, kosa lililomrudisha binti yule pwani wakati wa maji kujaa lilitoka hapohapo. Jambo liliwazwa kwa saa ya Kiingereza, kisha likavishwa maneno ya Kiswahili. Mkiendelea na utaratibu huohuo mtapata makosa mengine ya ukoo mmoja.

Nitawapa mawili niliyoyaona kwa macho yangu. Mwaka jana kijana mmoja aliniletea ukurasa wenu ili niukague. Ulikuwa umepitishwa kwenye mfasiri wa mashine. Palipotakiwa bamvua paliandikwa "wimbi la majira ya kuchipua". Nilikaa nalo kwa muda, nikafahamu: Waingereza bamvua wanaliita kwa neno lilelile wanaloitia majira yao ya baada ya baridi, na mashine imeshika majira. Sisi majira hayo hatuna. Bamvua tunalo tangu mababu, na maji mafu tunayo, yasiyojaa sana wala kupwa sana, na kupwa na kujaa. Mvuvi wa Tumbe akisoma "wimbi la majira ya kuchipua" atawaona nyinyi ndio msiojua bahari.

La pili ni zito zaidi, na naona hakuna aliyelitaja. Jedwali lenu linasema "Alhamisi, saa 4:40 usiku". Kwa mzee wa huku, siku inaanza magharibi. Usiku ule ni usiku wa Ijumaa. Mwambie "usiku wa Ijumaa maji yanakupwa saa 4:40", yeye ataondoka usiku unaotangulia mchana wa Ijumaa, na kijana aliyesoma skuli ataondoka usiku unaofuata. Wawili hao wakipanga safari ya dau moja, mmoja atakuta pwani hapana mtu. Nyinyi andikeni "usiku wa kuamkia Ijumaa", hapo hapana wa kupotea. Lakini ukiandika kwanza kwa Kiingereza huwezi hata kujua kuwa swali hili lipo, maana katika Kiingereza halipo.

Kwa hiyo ombi langu: Kiswahili kiwe ndio asili. Kiingereza kitafsiriwe kutoka kwetu. Kama zana haikubali hivyo, tafuteni nyengine.

Na msione kama mnaanza kazi isiyo na waliotangulia. Mwaka 2004 wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliitoa OpenOffice, programu ya kazi za ofisi, kwa Kiswahili, wakaiita Jambo OpenOffice. Waliketi wakayasaka maneno moja baada ya jengine. Kamusi la Kiswahili Fasaha la BAKIZA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar, la 2010 lipo pia. Fungueni ukurasa wa maneno, kila neno la bahari na la kompyuta mnalotumia liandikwe pale mara moja na maana yake, na atakayeandika afuate. Mimi niko tayari kuusimamia ukurasa huo.

#7 Mwanamaji wa Paje

Mwalimu, shikamoo. Nimeusoma ujumbe wako mara tatu, na mara ya pili nilimsomea mama yangu kwa sauti. Alicheka pale kwenye majira ya kuchipua, kisha alipofika kwenye usiku wa Ijumaa akasema: "Haya ndiyo yaliyotugombanisha na shangazi yako." Umenifungua macho. Niliweka Kiingereza mbele kwa mazoea tu, sikukaa nikajiuliza.

Swali langu kwa wataalamu: kitaalamu inawezekana Kiswahili kuwa asili? Na wachangiaji wa nje tutawafanyaje?

#8 Mkarafuu wa Maskati

Salaam kutoka Maskati. Mimi ni mzaliwa wa Mkoani, naandika programu huku kwa miaka mingi sasa.

Inawezekana kabisa. Sphinx inatumia gettext, utaratibu uleule wa mafaili ya PO unaotumiwa na miradi mingi huria duniani. Inauchambua mwongozo aya kwa aya, inatoa faili lenye aya za asili, na mfasiri anajaza upande wa pili kwa Poedit au kwa Weblate. Haijali lugha ya asili ni ipi. Mnaandika tu kwenye mipangilio kuwa lugha ni "sw".

Faida kubwa ya njia hii ni pale asili inapobadilika. Mkiirekebisha aya ya Kiswahili, tafsiri yake ya zamani inatiwa alama kuwa ina shaka, na mpaka mtu aihakiki, msomaji wa Kiingereza anaoneshwa aya mpya ya Kiswahili badala ya tafsiri iliyopitwa na wakati. Wengine wataona ni kasoro, ukurasa wenye lugha mbili. Kwa jambo la bahari mimi naona ni bora msomaji aone asiyoielewa akauliza kuliko aone saa ya uongo akaiamini.

Kuhusu wa nje: tenganisheni. Maelezo ya kila kipengele ndani ya msimbo yabaki Kiingereza, kwa sababu anayeyasoma ni mwandishi wa programu, na Sphinx ina uwezo wa kuyavuta yenyewe kutoka kwenye Python na kuyapanga kuwa marejeo. Mwongozo wa mtumiaji, tangu kusakinisha hadi kubandika karatasi, asili yake Kiswahili. Hao ni wasomaji wawili tofauti, msiwalishe sahani moja.

Sasa kitu ambacho kingemwokoa binti wa Paje kabla hajatoka nyumbani. Python ina doctest. Unaandika mfano ndani ya mwongozo, na kila mara mtu anapotuma mabadiliko, seva inauendesha mfano huo na kuangalia kama jibu bado ni lilelile. Hivi:

    >>> saa_ya_kiswahili("10:20")
    'saa 4:20 asubuhi'
    >>> saa_ya_kiswahili("16:20")
    'saa 10:20 alasiri'
    >>> saa_ya_kiswahili("06:05")
    'saa 12:05 asubuhi'

Kanuni yenyewe ni nyepesi, unaongeza 6, unagawa kwa 12, unachukua baki, na baki likiwa sifuri unaandika 12. Ule mstari wa tatu nimeuweka makusudi kwa sababu hapo kwenye sifuri ndipo watu wengi wanapojikwaa. Mwongozo wenye mifano kama hii hauwezi kusema jambo moja na programu ikafanya jengine bila seva kupiga kelele.

Mwanamaji aligusia atakayerithi. Hilo nalo litazameni. Sphinx ilizaliwa 2008 kwa ajili ya mwongozo wa Python yenyewe, na tangu 2016 kiini cha Linux nacho kinaandikiwa mwongozo kwa Sphinx. Watu wa namna hiyo hawahami kila mwaka. Upande wa MkDocs, mapambo yanayopendwa zaidi ni Material, na walioyatengeneza walitangaza mwishoni mwa 2025 kuwa nguvu zao wanazihamishia kwenye zana yao mpya, Zensical. Huenda ikawa nzuri sana. Mimi kwa mradi wa watu wasiofika 6, tena wasiolipwa, ningesubiri wengine waijaribu kwanza. Na kwa kuwa mafaili yenu ni Markdown, mkitaka kuhama baadaye mlango uko wazi.

Neno kwa Msafiri wa Chake: ijaribu amri ya "git bundle". Inaufunga mradi mzima pamoja na historia yake kuwa faili moja. Unalibeba kwa flashi mpaka Konde, mtu anafanya kazi yake huko bila mtandao, anakufungia mabadiliko yake tu, unarudi nayo Chake na kuyaunganisha. Watu wamezoea kudhani Git ni GitHub. Git ni ya 2005, GitHub imekuja miaka 3 baadaye, na Git yenyewe haihitaji mtandao kwa kazi yoyote isipokuwa kupeleka na kupokea. Na mwenye bando dogo anaponakili mradi aombe hali ya sasa tu kwa "--depth 1", historia yote ya nini.

#9 Msafiri wa Chake

Mkarafuu, Mungu akulipe. Nilikuwa nabeba folda nzima na kurudi na folda nzima, kisha nakaa usiku nalinganisha faili kwa faili. Kesho naijaribu.

#10 Nahodha wa Mkokotoni

Mimi sio mtu wa kompyuta. Ombi moja. Pembeni ya tarehe wekeni na mwezi ni wa ngapi. Mwezi mosi na mwezi 15 najua ni bamvua, siku moja mbili baadaye ndio linakolea. Mwezi 8 na 22 maji mafu. Nikiuona mwezi umeandikwa na saa zenu haziendani nao, najua karatasi imekosea, siendi.

#11 Mwanamaji wa Paje

Nahodha, hiyo tarehe ya mwezi ndiyo ukaguzi ambao hakuna seva itakayoufanya. Inaingia kwenye jedwali la mwezi ujao. Kwa kuwa kuandama kwa mwezi kunategemea kuonekana, tutaandika umri wa mwezi kwa hesabu na kulieleza hilo chini ya karatasi, ili pasiwe na mzozo na masheikh wetu.

Tuliyoamua, baada ya kuzungumza na wenzangu wote kwa simu jana usiku:

Sphinx pamoja na MyST, mafaili yote ya Markdown. Asili ya mwongozo ni Kiswahili. Kiingereza kitapita kwenye mafaili ya PO, na Mkarafuu amekubali kukisimamia. Ukurasa wa maneno ni wa Bi Mwalimu, na hakuna ukurasa utakaounganishwa wenye neno jipya ambalo hajaliona. Mifano ya saa yote inapimwa kwa doctest. Msimbo uko chini ya leseni huria ya GPL toleo la 3 kama ulivyokuwa, na mwongozo tunauweka chini ya leseni ya CC BY-SA 4.0 ili skuli na vyama vichapishe bila kuomba ruhusa ya mtu. EPUB inajengwa na seva kila toleo, Msafiri anaichukua.

Fundi wa Fumba tayari ameshaandika ukurasa wa kuchangia. Una picha nne, zote zimepigwa kwenye simu, na maneno hayafiki 100. Jana nimemtumia yule kijana wetu kiungo chake, bila maelezo mengine yoyote.

Jambo ambalo bado halijakaa sawa ni kutafuta. Kipande ndani ya neno kinasaidia, lakini mtu hajui kuwa aandike shina. Nimefungua hoja kwenye mradi: tuandike kichujio kidogo cha kuondoa viambishi vya mwanzo, ku-, una-, ame-, tuta- na jamaa zao, kabla neno halijaingia kwenye faharasa. Kikifanya kazi tutakipeleka kwa wenye Sphinx ili kila anayeandika kwa Kiswahili akipate. Mwenye nafasi aje, Bi Mwalimu ametuandikia orodha ya viambishi kwa mkono, kurasa mbili, nimezipiga picha na kuziweka pale.

#12 Kijana wa karatasi

Assalamu aleikum. Ndiye mimi wa bando. Nimefuata zile picha, nimetumia simu, dakika 7 pamoja na kujiandikisha. Ukurasa wa majaribio umetokea, nimeuonesha kwa yule dada wa mwani, akaniambia niongeze neno "asubuhi" kwa wino mzito. Nimeongeza. Sentensi ni hii, naomba mwenye ruhusa aiunganishe:

"Kabla hujachapisha, chagua saa za Kiswahili. Karatasi yako lazima isome Kupwa: saa 4:20 **asubuhi**. Ikisoma 10:20, usiibandike."

#13 Bi Mwalimu, Wete

Nimeiona. Haina kosa. Iunganisheni.